Tabo ya Muturi

Muturi aliondoka Kitengela Jumanne moja ya Februari 2003, saa tatu asubuhi, akiwa na begi la kijani na blanketi lililokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Watu wengine huhesabu kutokuwepo kwake tangu Agosti mwaka uliofuata, siku tuliyomzika Isinya. Mimi huhesabu tangu Jumanne ile. Lori la shirika la misaada lilimchukua mbele ya kituo cha petroli kumpeleka Lokichogio, kaskazini kabisa, akaendeshe magari ya watu wengine, yeye ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kushika usukani usio wake.

Alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo.

"Mwalimu, utaniandikia?"

"Nitaandika, Kapteni."

"Usiandike Kizungu kingi. Huko sitakuwa na wa kunisomea."

Akacheka, akapanda. Sikumwandikia. Naandika sasa, mwaka 2008, kwa sababu naona mambo yameanza kunitoka kichwani, na haya sitaki yanitoke.

Naitwa Ochola. Nilimaliza kidato cha nne nyumbani Siaya, nikaja Kitengela, na tangu 1994 nabeba mizigo kwa pikapu. Muturi alikuwa jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, ukuta mmoja kati yetu, na alikuwa rafiki yangu wa kwanza katika mji ule. Nilimwonea wivu. Kwa ajili ya wivu huo nilimficha ukurasa mmoja wa kitabu, na ukurasa huo ndio uliomtoa Kitengela. Tangu hapo nimekuwa na swali moja tu: nitamwambia nani, na lini.

Mwanzoni wivu haukuwa wangu. Gari langu lilikuwa dizeli ya elfu mbili mia nne, jipya kuliko mengi yaliyosimama pale stejini, na Muturi alikuwa na pikapu ya petroli ya elfu moja mia sita ambayo kila asubuhi ilisukumwa na wapita njia. Majina ya kampuni za magari sitayaandika. Sisi wenyewe hatukuyatumia sana. Tuliita gari kwa ukubwa wa injini yake. "Ishirini na nne imepita." "Kumi na sita imelala njiani tena." Mtu aliitwa hivyo hivyo pia. Kwa miaka mitano mimi nilikuwa Ishirini na Nne, na sikuwa na haraka ya kuitwa kitu kingine.

Kazi kubwa ilikuwa ya Mzee Metito. Alikuwa na mifugo upande wa Oltepesi, chini kule kwenye joto, na kila siku ya soko alihitaji mbuzi na ndama wapandishwe hadi Kiserian. Mpando wa Kona Baridi ndio uliochagua madereva. Ukipakia ndama wanne na mbuzi kumi, injini ndogo inachemka kabla ya kufika nusu. Mimi nilipanda kwa gia ya pili bila kusimama. Muturi alipanda kwa ya kwanza, na wenye mifugo walishuka wakatembea kando ya gari kama wanaosindikiza mgonjwa. Nikimpita nilipiga honi mara mbili. Nilipenda sana kumpita. Lazima niliseme hilo.

Tukifika juu, sote tulikuwa na desturi moja. Kutoka Kona Baridi hadi Kiserian barabara inateremka, kwa hiyo dereva alizima injini pale pale juu, akaweka gari free, yaani bila gia, likateremka lenyewe. Tuliokoa mafuta, na pia tuliringa. Gari lililoingia sokoni kimya, bila sauti hata moja, na kusimama kwenye nafasi yake bila kuwashwa tena, lilisifiwa. Muturi alikuwa bingwa wa mchezo huo. Kumi na sita yake ilishindwa kupanda lakini hakuna aliyeiweza kuteremka. Tulimwita Kapteni kwa sababu hiyo.

Halafu kampuni zikaanza kushindana. Kila mwaka moja ilileta injini, na nyingine ikajibu kwa kubwa zaidi. Elfu mbili mia tano. Elfu mbili mia saba. Nakumbuka Jumamosi moja ya 1998, wauzaji wa kampuni mbili walisimama Kitengela pande mbili za barabara, kila mmoja na spika yake na kofia za kugawa.

"Hii ni nguvu ya farasi themanini!" wa kwanza akapaza sauti.

"Themanini ni ya mkokoteni!" akajibu wa ng'ambo. "Njoo uone ya farasi mia, na tabo juu!"

Mzee Metito alikuwa amesimama katikati na fimbo yake. Akamwendea yule wa farasi mia.

"Supa, kijana. Mimi sifugi farasi. Niambie ni ng'ombe wangapi."

Watu walicheka mpaka muuzaji akazima spika. Lakini Metito hakuwa akitania. Alizunguka gari lile, akainama kuangalia chini, akaomba lifunguliwe boneti. Nilisimama nyuma yake nikaona anavyotazama, nikajua ishirini na nne yangu imezeeka siku ile.

Mwaka uliofuata shamba moja la maua la Isinya liliuza pikapu zake ili kununua mpya, na Muturi akapata moja. Ya elfu mbili mia nane, yenye tabo. Alikuwa ameuza kumi na sita, na Cate mkewe akauza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Tabo, kwa asiyejua, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, ikisukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo inayopiga ule mluzi gari linapovuta.

Niliusikia mluzi huo kwa mara ya kwanza nikiwa kona ya tatu ya mpando, gia ya pili, ndama watatu nyuma. Nilidhani ni filimbi ya mchungaji. Kisha Muturi akatokea ubavuni mwangu na ndama sita, dirisha wazi, kiwiko nje.

"Mwalimu! Unapanda ama umeegesha?"

Akapiga honi mara mbili. Alikuwa na haki. Deni la honi lilikuwa langu. Nilicheka ili anione nikicheka, halafu akaniacha na vumbi lake.

Wiki ile ile Metito alimpa mizigo yote. Hilo lingeweza kunipita. Kazi ni kazi, na mwenye mali humfuata mwenye nguvu. Kilichonichoma kilikuja mwezi uliofuata. Metito alimpa Muturi mbuzi jike, bila kuuza, na kwa Wamaasai zawadi kama hiyo inabadilisha majina. Tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina yao. Kila mmoja alimwita mwenzake Pakine, yaani yule tuliyepeana mbuzi.

"Pakine, supa!" Metito angeita kutoka ng'ambo ya soko.

"Ipa, Pakine!" Muturi angeitikia salamu hiyo, Mkikuyu wa Murang'a, kwa lafudhi ya kuchekesha, na wazee wangegeuka wakitabasamu.

Mimi nilikuwa nimebeba mifugo ya mzee yule miaka mitano. Nilikuwa nimelala barabarani na ndama wake wakati wa mvua za El Nino. Aliniita dereva. Kwa heshima, ndiyo, lakini dereva. Nilijiambia ni tabo. Nilijiambia kwamba mzee hakumpenda mtu, alipenda injini, na injini ikiondoka jina litaondoka nayo. Nililiwaza hilo nikioga, nikila, nikiwa kanisani. Kupitia ukuta ule mmoja nilimsikia Muturi akimsimulia Cate safari zake, na Cate akicheka, nikaongeza sauti ya redio.

Mwezi wa Mei alibisha mlangoni na kitabu mkononi. Taa ya manjano ilikuwa imewaka kwenye dashibodi na hakujua maana yake. Muturi alisoma Kikuyu na Kiswahili vizuri, lakini Kiingereza kilimshinda, na barua zake zote za Kiingereza nilimsomea mimi. Ndiyo maana aliniita Mwalimu.

"Hiki kimekuja na gari," akasema. "Nilikipata chini ya kiti. Nitafutie hiyo taa."

Nilimtafutia. Ilikuwa ya maji kwenye chujio la dizeli. Nikamweleza namna ya kuyatoa.

"Sasa kwa vile umeshika, nisomee yote," akasema. Akajilaza kwenye kochi letu kama mtu anayesubiri taarifa ya habari. Mke wangu, Aketch, akamimina chai.

Nilisoma karibu saa nzima, nikitafsiri. Upepo wa magurudumu. Oili ya gia. Mshipi wa usalama, alicheka hapo. Kisha nikafika ukurasa wenye maneno ndani ya kisanduku cheusi. Yalisema hivi: baada ya kupanda mlima au kwenda kasi, usizime injini mara moja. Iache iungurume gari likiwa limesimama, dakika mbili, ili tabo ipoe. Ukizima ghafla, oili inaacha kupita na tabo inaungua.

Niliyasoma kimoyomoyo. Nikaiona Kona Baridi, nikamwona Muturi akifika juu, tabo nyekundu kwa joto, mkono wake ukienda kwenye ufunguo kama ulivyokwenda miaka yote. Kitu kile kile tulichomsifu nacho. Nikafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Sehemu ya saba," nikasema. "Kuosha gari. Usitumie sabuni ya nguo."

"Hiyo nilijua bila kitabu," akasema Muturi. Akanywa chai yake, akashukuru, akaenda.

Aketch alikuwa akikusanya vikombe.

"Baba Shirleen, umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Mimi sijui. Lakini karatasi mbili zimekwenda pamoja."

"Ilikuwa mambo ya redio ya gari."

"Redio," akasema Aketch. Akarudi jikoni na vikombe bila kuniuliza kama nitaongeza chai, na siyo kawaida yake.

Ningeweza kumwambia Muturi kesho yake. Ningeweza kumwambia siku yoyote katika miezi minane iliyofuata, na kwa miezi minane nilimtazama akizima injini juu ya Kona Baridi na kuteremka kimya mpaka sokoni, watu wakimshangilia. Mimi pia nilipiga makofi. Karibu na Desemba mluzi ulibadilika. Ulikuwa laini, ukawa na mkwaruzo ndani yake, kama kisu kwenye jiwe. Nilikuwa wa kwanza kuusikia, maana nilikuwa nikiusubiri.

"Kapteni, gari inasema nini?" dereva mmoja akamuuliza.

"Inaimba Krismasi," akajibu Muturi.

Januari 2000 tabo ilikatika. Alikuwa katikati ya mpando na ndama wa Metito. Moshi wa buluu ulifunika barabara kiasi kwamba gari la nyuma lilisimama. Vipande vya ile feni vilikuwa vimeingia ndani ya injini. Tuliivuta kwa gari langu hadi gereji ya Ondiek pale Kiserian. Kamba ilifungwa kwenye bampa yangu. Nilikuwa nikitazama kwenye kioo, namwona Muturi nyuma ya usukani wa gari lililokufa, akinifuata.

Ondiek alifungua, akatazama, akapangusa mikono.

"Ulikuwa unaizima aje?"

"Vile tunazima sisi wote. Tukifika juu."

"Wewe! Tabo haizimwi ikiwa moto. Unaipea dakika mbili. Si iko kwa kitabu?"

Muturi aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu.

"Kitabu kilikuwa kirefu," nikasema.

Nje kulikuwa na mbuzi wakilia, na mtu akigonga bati.

"Kweli," akasema Muturi hatimaye. "Kilikuwa kirefu."

Hakuniuliza tena, siku ile wala siku nyingine. Kama angenipiga ningelala vizuri.

Injini nyingine ya tabo hakuweza kuipata. Akaweka ya petroli kutoka gari kuukuu, na stejini wakaanza kumcheka: mwili wa simba, roho ya sungura. Alicheka nao. Miaka mitatu alibeba viazi, vitanda vya watu wanaohama, mifuko ya chakula cha kuku. Mpando wa Kona Baridi hakuugusa tena. Mizigo ya Metito ilirudi kwangu, na kampuni ziliendelea kushindana, na mwaka 2001 nami nikapata yenye tabo. Kila nilipofika juu nilisimama kando ya barabara dakika mbili, injini ikiunguruma, nikitazama saa.

Lakini jina halikurudi na mizigo. Hilo ndilo sikulitegemea. Metito alipokutana na Muturi pale Isinya, Muturi akiwa na kigari chake cha petroli kilichojaa mifuko, mzee bado aliinua fimbo na kuita Pakine. Yule mbuzi wa kwanza, aliyebaki akichungwa na mifugo ya mzee, alipozaa, alimletea hata mtoto wake. Nilikuwa nimeiua tabo na mzee hakuwa akiipenda tabo. Na mimi, niamini au usiamini, bado niliona wivu. Nilimwonea wivu mtu niliyekwisha kumharibia.

Mwishoni mwa 2002 aliuza lile gari kama vipuri, akapata kazi ya Lokichogio. Alituma nyumbani alichopata, na Cate na binti yao wakahamia kwenye ploti yao Isinya, chumba kimoja cha mawe na banda la kuku. Agosti 2004 malaria ilimpanda kichwani akiwa safarini, mbali na hospitali. Walimleta kwa ndege ndogo hadi Nairobi akiwa tayari maiti.

Mazishini Metito alikuja na mwanawe Kuntai, kwa pikapu mpya ya elfu tatu, kubwa kuliko zote zilizokuwa pale. Madereva waliitazama hata siku ile. Niliwaona, na nilijiona. Mzee alisimama kando ya kaburi, akasema maneno ya Kimaasai ambayo sikuyaelewa isipokuwa lile moja, alilolirudia mara tatu.

Baada ya hapo nilianza kumbebea Cate mayai. Alikuwa amefikisha kuku mia tatu, na wanunuzi wake walikuwa Kitengela. Nilipita Isinya kila Jumanne na Ijumaa nikirudi, nikapakia trei zake, na sikutaka anilipe. Alinipa chai. Gathoni, binti yao, aliniita baba mkubwa. Aketch alijua kwa nini naenda. Siku moja akaniambia nikifunga viatu, "Mayai hayasemi, Baba Shirleen." Nilimwambia najua.

Ilikuwa Machi mwaka huu. Tulikuwa tukipakia, Cate akinipa trei nami nikizipanga, na gari la elfu tatu likapita barabarani kwa mluzi. Cate akalitazama mpaka likapotea.

"Unajua, kuna wakati namkasirikia mpaka leo," akasema. "Tulikuwa na gari kama hiyo. Akaiua kwa maringo. Kuzima juu ya mlima ili wapige makofi! Mtu mwenye akili hawezi kusoma kitabu cha gari yake? Gathoni akiniuliza baba yake alienda mbali kwa nini, namwambia: alijitakia."

Nilikuwa nimeshika trei. Niliiweka chini.

"Mama Gathoni, hakujitakia. Kitabu nilimsomea mimi."

"Najua ulimsomea. Wewe ulifanya yako."

"Huo ukurasa niliruka. Niliuona, nikauelewa, nikauruka. Nilikuwa na wivu naye."

Alifikiri natania, kisha akaona sitanii. Kuku walikuwa wakipiga kelele bandani. Alijipangusa mikono kwenye leso, polepole, kila kidole.

"Wivu wa gari?"

"Wa gari. Na wa mzee kumwita Pakine. Na vile alikuwa anaringa. Yote."

"Na yeye alijua?"

"Nadhani alijua pale kwa Ondiek. Hakusema."

"Na bado alikuita Mwalimu," akasema Cate. "Ile simu yake ya mwisho kutoka Loki aliniambia nikusalimie. Nisalimie Mwalimu."

Akaanza kushusha trei kutoka nyuma ya gari langu, moja moja, akizirudisha chumbani. Nilinyoosha mkono kumsaidia.

"Wacha," akasema. "Miaka minne nimemwambia mtoto wake alijitakia. Wacha."

Trei zilikuwa ishirini na mbili. Alizishusha zote mwenyewe, nami nikasimama pale mpaka akamaliza, kisha akafunga mlango.

Siku hizi mayai ya Cate hubebwa na Kuntai, Jumanne na Ijumaa. Mimi hupita Isinya bila kusimama.